UCHANGANUZI: AU yataka ramani mpya ya dunia, lakini nani atarekebisha ramani za nyumbani?

UMOJA wa Afrika (AU) ulipotangaza mnamo Agosti 2025 kwamba unaunga mkono kampeni ya kuiondoa ramani ya Mercator madarasani na katika mashirika ya kimataifa, wapo waliocheka. Bara lililokuwa likikabiliwa na vita nchini Sudan na mashariki mwa Kongo, waliuliza, limepata wapi wasaa wa kugombana na karatasi iliyochorwa mwaka wa 1569?

Kicheko hicho kilikuwa cha haraka mno. Naibu Mwenyekiti wa Tume ya AU, Bi Selma Malika Haddadi wa Algeria, ambaye alichaguliwa mjini Addis Ababa mwezi Februari mwaka huo huo, katika uchaguzi ambao Wakenya wanaukumbuka zaidi kwa sababu marehemu Raila Odinga alikosa kiti cha mwenyekiti, alieleza kwamba ramani hiyo imejenga dhana potovu kuwa Afrika ni bara la pembezoni. Kampeni yenyewe inaongozwa na mashirika mawili, Africa No Filter na Speak Up Africa. Mashirika hayo yanataka nafasi ya Mercator itwaliwe na ramani iitwayo Equal Earth, ambayo ilibuniwa mwaka wa 2018 na wataalamu watatu, Bojan Šavrič, Tom Patterson na Bernhard Jenny.

Malalamiko hayo yana msingi wa hesabu. Katika ramani ya Mercator, kisiwa cha Greenland huonekana kukaribia Afrika kwa ukubwa. Ukweli ni kwamba Afrika ina takriban kilomita mraba milioni 30, nayo Greenland ina milioni 2.17. Kisiwa hicho kingeingia ndani ya Afrika mara 14 hivi. Hata Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo peke yake, yenye kilomita mraba milioni 2.34, inaishinda Greenland. Urusi nayo, yenye kilomita mraba milioni 17, huonekana kana kwamba ingeweza kuimeza Afrika nzima, ilhali haifikii hata thuluthi mbili zake.

Mfano ulio karibu zaidi na Mkenya ni Uingereza. Kenya ina kilomita mraba zipatazo 580,000. Uingereza, pamoja na Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, ina takriban 243,000. Maana yake ni kwamba mkoloni alitawala nchi iliyo zaidi ya mara mbili ya kwake. Hata hivyo, mwanafunzi akizipima nchi hizo mbili kwa rula juu ya ramani ya Mercator, atapata kuwa Uingereza ndiyo kubwa.

MPIRA WA NGOZI

Chanzo cha tatizo hili si hila ya mtu. Chukua mpira wa ngozi uliochakaa, uupasue, kisha ujaribu kuulaza bapa juu ya meza. Hautalala. Itabidi uuvute mahali fulani, au uukate, au ukubali makunyanzi. Mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss alithibitisha mnamo 1827 kwamba hakuna namna ya kuuhamisha uso wa tufe hadi kwenye ubapa bila kuharibu kitu.

Kanuni inayotumiwa kuuhamisha uso huo ndiyo wachoraji ramani huita projeksheni. Zipo nyingi, na kila moja hulinda jambo moja kwa kulitoa jingine kafara. Ipo inayolinda ukubwa wa maeneo. Ipo inayolinda pembe na maumbo ya vitu vidogo. Ipo inayolinda umbali kutoka nukta moja iliyochaguliwa. Haipo inayolinda yote.

Gerardus Mercator, mzaliwa wa Flanders aliyehamia Duisburg, Ujerumani, alichagua kulinda pembe. Aliokuwa akiwafikiria ni mabaharia. Nahodha anayesafiri kwa dira huhitaji mstari ambao, ukishachorwa mnyoofu kwenye chati, humpa mwelekeo mmoja tangu aondokapo hadi afikapo. Ili mistari hiyo inyooke, ilimbidi Mercator azichore longitudo zote sambamba, ingawa katika dunia halisi hukutana kwenye ncha mbili. Kwa kufanya hivyo alizitanua nchi za kaskazini kwa upana. Na ili pembe zisiharibike, ikambidi azivute kwa urefu pia, kwa kiasi kile kile. Kwenye latitudo ya nyuzi 60, ulipo mji wa Oslo, kila umbali huongezeka maradufu na kila eneo mara nne. Kwenye nyuzi 80, eneo huongezeka zaidi ya mara 30. Ncha yenyewe haichoreki kabisa, kwani ingehitaji karatasi isiyo na mwisho.

Kwa hivyo, wanaodai kwamba Mercator alikusudia kuidunisha Afrika wanamwonea. Alifariki mwaka wa 1594, miaka 290 kabla ya mataifa ya Ulaya kukutana Berlin kujadili jinsi ya kuligawana bara hili. Wala mabaharia wa Bahari Hindi hawakumhitaji. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mnamo 1498, miaka 71 kabla ya ramani hiyo kuchapishwa, alipewa rubani aliyemvusha hadi Calicut kwa ujuzi wa nyota na wa majira ya pepo.

Lawama, kama ipo, ni ya waliokuja baadaye. Wachapishaji wa karne ya 19 na ya 20 waliichukua chati ya bahari wakaitundika kwenye ukuta wa darasa, mahali ambapo hakuna anayesafiri kwa dira. Ilikuwa mstatili ulioenea vizuri kwenye ukurasa. Kaskazini ilikuwa juu daima. Na yamkini haikumkera Mwingereza yeyote kuiona Kanada, iliyopakwa rangi nyekundu ya himaya yake, ikiwa imefura hivyo.

HAIKUPUNGUZWA

Hapa ndipo penye pengo katika mjadala mzima. Kauli inayorudiwarudiwa ni kwamba Mercator aliipunguza Afrika. Hakuipunguza. Ramani yake husema kweli kabisa kwenye Ikweta, na uongo wake huongezeka kadiri mtu anavyoiacha Ikweta kuelekea kaskazini au kusini. Kenya imelala kati ya takriban nyuzi tano kaskazini na nyuzi tano kusini. Katika ukanda huo, kosa la ukubwa halifikii hata asilimia moja. Tunis na Cape Town, zilizo kwenye miisho ya bara, zimetanuliwa kwa takriban mara moja na nusu. Afrika haikunyang'anywa kitu. Wengine ndio walioongezewa.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana kama mchezo wa maneno, lakini ndiyo inayoamua ni dawa gani itafutwe, na kwa gharama ya nani.

Dawa moja ilikwisha kujaribiwa. Mnamo 1973, mwanahistoria Mjerumani Arno Peters aliwaita wanahabari mjini Bonn akawaonyesha ramani aliyosema ingezitendea haki nchi maskini. Kila nchi ilikuwa na ukubwa wake halali. Makanisa na mashirika ya misaada yaliikumbatia ramani hiyo, na hata baadhi ya mashirika ya Umoja wa Mataifa yakaitumia. Wataalamu wa ramani walighadhabika. Kwanza, haikuwa mpya, kwa kuwa kasisi wa Scotland, James Gall, alikuwa ameieleza tangu 1855. Isitoshe, Peters aliinadi kana kwamba hakuna nyingine iliyolinda ukubwa wa maeneo, ilhali zilikuwapo kadhaa, ikiwemo moja ya Johann Heinrich Lambert iliyochapishwa mnamo 1772.

Ugomvi huo wa wasomi ulifunika jambo ambalo lingemhusu zaidi mtu wa Nairobi au Kampala. Ramani ya Peters hulipa deni la ukubwa kwa kuvuruga umbo, na sehemu kubwa ya mvurugo huo huwaangukia watu wa Ikweta. Huko, kila nchi huvutwa kutoka kaskazini hadi kusini maradufu ikilinganishwa na upana wake. Kenya hurefuka na kukonda, na Ziwa Turkana, ambalo tayari ni jembamba, hubaki kama uzi. Maeneo ambayo umbo lake hutokea karibu sahihi ni yale yaliyo kwenye nyuzi 45, yaani kusini mwa Ufaransa, kaskazini mwa Italia na majimbo ya kaskazini ya Marekani. Ramani iliyotetewa kwa jina la Afrika ilimwachia tajiri sura yake na kuiharibu ya maskini. Shule za umma za jiji la Boston, Marekani, ziliichukua hata hivyo mnamo 2017.

Wengine walikwepa vita hivyo. Jarida la National Geographic lilitumia projeksheni ya Van der Grinten kuanzia 1922, likahamia ya Robinson mnamo 1988, kisha Winkel Tripel mnamo 1998. Hizi mbili za mwisho hazilindi kitu chochote kikamilifu. Hugawanya makosa kidogo kidogo kila mahali ili jicho lisichukizwe.

Equal Earth inafuata njia ya kati. Inalinda ukubwa wa maeneo kikamilifu kama ya Peters, lakini pande zake zimepinda na mvurugo wa maumbo umepunguzwa. Hata hivyo, Kenya haitoki bila jeraha. Kwenye Ikweta, projeksheni hiyo hurefusha umbo la nchi kwa takriban thuluthi moja. Anayeijua Kenya kwa sura yake ya kwenye daftari la shule ataona kuwa imenyooka zaidi ya kawaida. Kwa ramani ya ukutani, ambayo kazi yake ni kumwonyesha mtoto nchi gani ni kubwa kuliko ipi, hiyo ni bei inayokubalika, na AU imefanya vyema kuikubali. Benki ya Dunia nayo ilisema mwaka huo wa 2025 kwamba tayari inatumia Winkel Tripel au Equal Earth katika ramani zake za kuchapisha, na kwamba inaiondoa Mercator polepole kwenye tovuti zake.

Mahali ambapo kampeni itagonga mwamba ni kwenye simu. Tangu Google ilipoanzisha huduma yake ya ramani mnamo 2005, projeksheni inayotazamwa na watu wengi zaidi duniani ni aina ya Mercator, na sababu ni ile ile ya karne ya 16. Mwendeshaji bodaboda anayetafuta nyumba ya mteja Githurai anataka kona ya barabara ionekane kuwa kona ya kweli, na kaskazini ibaki mahali pake kila anaposogeza kidole. Greenland haimhusu. Mnamo 2018 Google iliwawezesha wanaotumia kompyuta kuiona dunia kama tufe wanapoitazama kwa mbali, jambo ambalo limepunguza upotoshaji bila kuigusa kazi ya bodaboda.

Aidha, hata ramani iliyo sahihi kwa ukubwa yaweza kupotosha ikipewa kazi isiyo yake. Kila baada ya uchaguzi mkuu, vyombo vya habari nchini hupaka kaunti rangi za wagombea, na macho ya msomaji hukimbilia kaskazini. Marsabit ina zaidi ya kilomita mraba 70,000, lakini katika sensa ya 2019 ilihesabiwa watu 459,785. Nairobi, yenye kilomita mraba zisizofika 700, ilikuwa na watu 4,397,073. Rangi ya Marsabit huifunika ya Nairobi mara mia moja kwenye karatasi, nayo idadi ya watu husema kinyume. Hapo Mercator hana kosa lolote.

MSTARI MNYOOFU NI UPI?

Nje ya darasa, suala la projeksheni hugusa mali. Katika kesi ya mpaka wa baharini iliyowasilishwa na Somalia dhidi ya Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) mnamo 2014, eneo lililogombaniwa lilikuwa takriban kilomita mraba 100,000 za bahari, pamoja na samaki wake na matumaini ya mafuta na gesi chini yake. Kenya ilidai kwamba mpaka unafuata latitudo, kuelekea mashariki moja kwa moja kutoka pwani. Kwenye chati ya Mercator, dai hilo huonekana safi kabisa: mstari mlalo usiopinda. Somalia ilitaka mstari ulio na umbali sawa kutoka pwani za nchi zote mbili, ambao huelekea kusini mashariki kwa kufuata mwelekeo wa pwani.

Katika hukumu ya Oktoba 12, 2021, mahakama ilikataa hoja kwamba Somalia ilikuwa imeukubali mpaka wa latitudo kwa kunyamaza. Ilichukua mstari wa umbali sawa, ikausogeza kiasi kuelekea kaskazini kwa manufaa ya Kenya. Linalofaa kuangaliwa hapa ni lugha iliyotumika kuuandika mpaka huo. Majaji hawakusema tu mstari mnyoofu. Walisema kwamba, kutoka mwisho wa bahari ya mamlaka ya nchi, mpaka unafuata njia fupi kabisa juu ya umbo la dunia, ukianza kwa pembe ya nyuzi 114 kutoka kaskazini. Njia ya namna hiyo hunyooka juu ya tufe lakini hupinda kidogo kwenye chati ya baharia. Asiyesema ananyoosha juu ya kipi, tufe au karatasi, huwaachia wajukuu kesi nyingine.

Karibu na Ikweta, tofauti kati ya minyoosho hiyo miwili ni ndogo, na serikali ya Kenya, ambayo ilikuwa imejiondoa katika vikao vya kesi mnamo Machi 2021 na kisha ikaikataa hukumu yote, haikulalamikia jambo hilo. Lakini waandishi wa mapatano ya 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani hawakuwa na uangalifu huo. Walipitisha mstari kutoka pwani karibu na Vanga hadi Ziwa Viktoria, wakaukunja tu kuuzunguka Kilimanjaro, juu ya nchi ambayo haikuwa imepimwa. Jumuiya ya Wamaasai ilijikuta pande mbili za mstari huo, nao upimaji ukaja baadaye.

NJORO NA NAKURU

Swali ambalo kampeni ya AU haijaligusa ni la ramani zinazotumika ndani ya nchi, ambazo huamua shamba ni la nani na linaishia wapi. Nchini Kenya jibu lake lina kejeli kidogo. Ramani za kipimo cha 1:50,000, zile ambazo vipande vyake huwekwa mbele ya watahiniwa wa Jiografia katika mtihani wa KCSE, zimechorwa kwa Mercator iliyolazwa ubavu. Mfumo huo, uitwao UTM, ulienezwa na jeshi la Marekani katika miaka ya 1940. Badala ya kuizungushia dunia karatasi kwenye Ikweta, huizungushia karatasi kutoka ncha hadi ncha, kisha hutumia ukanda mwembamba tu ambamo kosa ni dogo. Dunia nzima imegawanywa katika kanda 60, kila moja ikiwa na upana wa nyuzi sita.

Kenya haikubahatika kuingia katika ukanda mmoja. Longitudo ya nyuzi 36, inayoutenga ukanda wa 36 na wa 37, inapita kati ya Njoro na mji wa Nakuru. Ikweta nayo huikata nchi kwa upande wa pili, kwa kuwa namba za kaskazini huanza kuhesabiwa kutoka sifuri, na za kusini kutoka milioni kumi. Matokeo ni kwamba nchi moja ina seti nne za namba, na jozi ile ile ya tarakimu yaweza kutaja mahali tofauti. Karani akiingiza kwenye kompyuta namba za shamba la Kericho, kisha akasahau kuandika kwamba ni za ukanda wa 36, programu inayodhani ni za ukanda wa 37 italitupa shamba hilo kilomita 670 hivi mashariki. Litatua Somalia.

Kosa la namna hiyo huonekana upesi kwa sababu ni kubwa. Yanayosumbua ni madogo. Mashamba ya Kenya hayakupimwa kwa UTM. Yalipimwa kwa projeksheni nyingine, Cassini-Soldner, kwa kutumia makadirio ya umbo la dunia yaliyofanywa na Mwingereza Clarke mnamo 1858. Ramani za 1:50,000 hutumia makadirio yake ya baadaye, ya 1880, zikiwa zimefungwa kwenye msingi wa upimaji uitwao Arc 1960. Simu za mkononi na vifaa vya setilaiti hutumia msingi wa tatu, WGS 84. Nukta moja ardhini, jiwe moja la mpaka, lina majina matatu ya tarakimu. Mtu akisoma mahali alipo kwenye simu, kisha akaipachika namba hiyo kwenye ramani ya zamani bila kuibadilisha, atakosea kwa takriban mita 300. Katika mbuga ya Tsavo hilo si neno. Katika sehemu za Vihiga au Kisii, ndani ya mita 300 mna mashamba ya ukoo mzima.

Na hapo ni pale ambapo upimaji kamili ulifanyika. Mashamba ya walowezi yaliwekewa mawe na kupimwa kwa namba. Katika maeneo waliyotengewa Waafrika, mambo yalikuwa mengine. Kuanzia Mpango wa Swynnerton wa 1954, vipande vya ardhi viliunganishwa na kusajiliwa kwa haraka. Mpaka ukawa ua wa miti, nayo ramani ikachorwa kwa kuzifuatisha nyua hizo kwenye picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege.

Picha ya ndege nayo ni projeksheni, tena yenye ukaidi. Kila kitu ndani yake kimetazamwa kutoka nukta moja, nayo ni lenzi ya kamera. Ardhi iliyo mlimani, kwa kuwa iko karibu na kamera, huonekana kubwa. Iliyo bondeni huonekana ndogo, na kilele hujisogeza mbali na kitovu cha picha. Zipo njia za kuusahihisha upotofu huo, lakini picha nyingi zilizotumiwa wakati huo hazikusahihishwa. Katika tambarare hasara ni ndogo. Katika migongo ya Murang'a na Nyeri, ambako shamba moja huanza juu kwenye barabara na kuishia chini mtoni, ndugu wawili waliogawiwa vipande sawa kwenye karatasi huenda hawana vipande sawa ardhini.

Sheria inalijua jambo hili. Hatimiliki nyingi hutaja ukubwa wa shamba kuwa wa kukadiria. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema kwamba, pasipokuwa na mpaka uliothibitishwa, ramani huonyesha mahali na mipaka ya shamba kwa makadirio tu, na inaizuia mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka kabla msajili hajaiamua mipaka hiyo. Mwananchi wa kawaida hayajui hayo hadi siku barabara mpya inapopita kwake na kiwango cha fidia kuhesabiwa, au baba anapofariki na watoto kuitisha soroveya. Hapo ndipo hugundua kwamba ekari zilizoandikwa na ekari zilizopo ni vitu viwili.

Serikali ilizindua mfumo wa Ardhisasa mnamo Aprili 2021, ikianza na Nairobi, ili kuzihamisha rekodi za ardhi hadi kwenye mtandao. Ni hatua iliyokawia na yenye manufaa, hasa kwa kuwa faili haliwezi tena kupotea kabatini kwa urahisi uliozoeleka. Lakini ramani ya makadirio ikipigwa skani hubaki ya makadirio, na sasa hupata mng'ao wa kioo cha kompyuta unaomfanya mtazamaji aiamini zaidi ya inavyostahili. Kuihamisha kutoka Cassini hadi mfumo wa setilaiti ni hesabu inayotaka mtu aliyefunzwa, na nukta za marejeleo ambazo bado zinaonekana ardhini. Baadhi ya mawe hayo yalikwisha kung'olewa na kutumiwa kujengea.

Ramani ya Equal Earth hupakuliwa bila malipo. Shule yenye printa kubwa yaweza kuitundika ukutani kesho asubuhi, na mwanafunzi akaona kwa macho yake kwamba Kongo ni kubwa kuliko Greenland. Kuisahihisha karatasi moja ya usajili huko Murang'a ni shughuli ya siku kadhaa. Mpimaji huja na kifaa chake cha setilaiti, msajili hutuma arifa kwa majirani wote, chifu huhudhuria, na wazee huulizwa ua ulipandwa wapi mwaka ule wa kuunganisha mashamba. Mara nyingi ua wenyewe ulikwisha kukatwa kuni, na anayekumbuka ulipokuwa ni mmoja tu, naye ni shangazi yake mmoja wa wanaogombana.